Jibu: Banjo ya blugrasi isiyoumiza mfuko

Ndugu yangu wa Kirumba, umeuliza kama, kwa kupiga blugrasi (muziki wa kienyeji wa Marekani), uchukue ile banjo ya nyuzi nne, ala ya nyuzi yenye mwili wa duara, kwa kuwa ni rahisi. Iache. Blugrasi ya vidole vitatu, aliyoieneza mpiga banjo wa Marekani Earl Scruggs, inataka nyuzi tano. Ule wa tano, mfupi, ndio unaoipa mlio wake. Mimi ningechagua Recording King RK-R35: ina pete nzito ya shaba ndani, sauti inapenya hata mkipiga ufukweni upepo wa ziwa ukivuma. Ni nzito lakini, tafuta mkanda mpana. Deering Goodtime 2 ni nyepesi, haina pete hiyo, ila kwa kujifunzia inatosha kabisa. Ukipata iliyotumika, kagua shingo kwanza. Ngozi inayofunika mwili wa banjo ikichoka hubadilishwa. Shingo iliyopinda ni gharama.