Magitaa Matatu, Mpigaji Mmoja

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Katuba, Lubumbashi. Mimi ni mpiga gitaa la umeme na sina bendi. Ninataka kupiga mwenyewe akompanyema (gitaa la kusindikiza), mi-solo (gitaa la kati) na solo (gitaa la kuongoza) za wimbo mmoja, kila sehemu iwe na traki yake, yaani safu yake ya sauti, kwa kutumia kompyuta ya mkononi na programu ya kurekodi ya Audacity. Gitaa nimelichomeka kwenye tundu la maikrofoni na ninasikiliza kwa hedifoni. Kila nikirekodi gitaa la pili, la kwanza linaingia tena ndani ya traki mpya, na nikicheza zote pamoja, la pili linasikika limebaki nyuma. Mpiga besi mmoja wa mtaani kwetu anasema kompyuta imechoka, ninunue nyingine. Je, ni kweli?

JIBU: Hapana, ndugu yetu, fedha yako iache mfukoni kwanza. Una matatizo mawili yasiyohusiana, na yote mawili yamo katika mipangilio.

Tuanze na gitaa linalojirudia. Kwa kuwa sauti yako inaingia kwa waya na unasikiliza kwa hedifoni, gitaa la kwanza halina njia ya kupita hewani hadi kwenye traki mpya. Basi ni kompyuta inayojirekodi yenyewe. Jaribu hivi: chomoa waya wa gitaa, kisha rekodi huku traki ya kwanza ikicheza. Mawimbi yakichorwa kwenye skrini kwa ukubwa uleule ilhali hakuna kilichochomekwa, ujue kifaa cha kurekodi kilichochaguliwa ni kile kiitwacho Stereo Mix, ambacho hunasa kila kinachopita kwenye kadi ya sauti. Chagua maikrofoni badala yake, uweke chaneli moja, maana gitaa lako halina kushoto na kulia, na kila sehemu mpya uianze kwa kubonyeza Shift pamoja na R. Katika matoleo ya sasa ya Audacity, R peke yake huendeleza traki iliyopo.

Kilichokupata kwa bahati mbaya, mpiga gitaa Mmarekani Les Paul alikifanya kwa makusudi. Mwaka 1948 alitoa wimbo wenye sehemu nane za gitaa, zote amezipiga mwenyewe, kwa kucheza santuri aliyokwisha kurekodi huku akipiga juu yake na kuandika yote mawili kwenye santuri mpya. Akikosea safu ya mwisho, hakuwa na namna ya kuitoa bila kuharibu zilizotangulia. Ndiyo maana mashine ya traki nane aliyouziwa na kampuni ya Ampex mwaka 1957 ilikuwa na thamani kubwa kwake, na wewe leo unazo hizo traki bila malipo.

Tatizo la pili linahitaji subira. Kompyuta haipeleki sauti papo hapo; huikusanya kidogo kidogo katika mafungu, huyashughulikia, ndipo huyatoa, na kazi hiyo hufanyika wakati wa kucheza na tena wakati wa kurekodi. Wewe unapiga sawasawa na unachosikia, lakini unachosikia kimekwisha kuchelewa, na unachopiga nacho huchelewa kuandikwa. Ucheleweshaji wa milisekunde 180 unaonekana mdogo kwenye karatasi, ila sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ni kama kumfuata mwenzako aliye umbali wa mita 61. Hakuna rumba inayostahimili hivyo.

Audacity hujaribu kufidia hali hiyo kwa kuisogeza traki mpya ianze mapema zaidi, na kipimo inachokuja nacho ni milisekunde -130, lakini hicho si lazima kiwe cha kompyuta yako. Pima mwenyewe. Kwenye mapendeleo (Preferences) weka fidia iwe sifuri, tengeneza traki ya mdundo wa mapigo 120 kwa dakika, kisha laza sikio moja la hedifoni juu ya sumaku za gitaa, zile zilizo chini ya nyuzi, na urekodi traki ya pili. Sumaku zitanasa mdundo kutoka kwenye hedifoni, wala huhitaji kugusa uzi. Kuza picha, upime pengo kati ya pigo la kwanza la traki ya juu na lile la traki ya chini. Ukikuta milisekunde 180, andika -180 kwenye mapendeleo, urudie mara moja kuhakikisha mapigo yamelingana.

Baada ya hapo anza na akompanyema, wala si solo. Najua solo ndiyo tamu, na wengi huanza nayo, halafu hushangaa kwa nini magitaa mengine hayapati mahali pa kukaa. Wapigaji wa Katanga wa miaka ya 1950 walikuwa na mtu wa kugonga chupa pembeni ili mapigo yasiyumbe. Traki ya mdundo ndiyo chupa yako, na utaizima mwishoni. Vilele vya sauti visipite -12 desibeli, na ulinganishe sauti za nyuzi kabla ya kila traki, kwani gitaa lililoshuka kidogo halijitambulishi mpaka likutane na mwenzake.

Ukiwa na fedha siku moja, nunua kadi ya sauti ya nje yenye mlango wa gitaa, si kompyuta. Tundu la maikrofoni halikuundwa kwa ajili ya gitaa, nalo huzifanya nyuzi nyembamba zisikike zimefifia. Chaja ya kompyuta nayo mara nyingi huleta mngurumo. Ichomoe, urekodi kwa betri, na hata umeme ukikatika katikati ya mi-solo hutapoteza kitu.

SWALI: Nipo Bukavu. Je, nikinakili traki moja ya gitaa mara mbili, itasikika kama magitaa mawili?

JIBU: Hapana. Nakala mbili zinazofanana kabisa huongeza sauti kwa desibeli 6 tu, likabaki gitaa lilelile, kubwa zaidi. Lipige mara ya pili kwa mkono, traki moja uisogeze kushoto na nyingine kulia. Tofauti ndogo za vidole vyako ndizo zitakazofanya yawe mawili.