Mstari mmoja wa ripoti ya baba

SWALI: Shikamoo daktari. Baba amefanyiwa upasuaji wa uvimbe kichwani. Ripoti inasema ni glioblastoma (saratani ya ubongo), “nakala za jeni ya EGFR zimeongezeka, EGFRvIII ipo.” Nasikia wenye saratani ya mapafu yenye mabadiliko ya EGFR hupewa vidonge. Mbona baba hakuandikiwa? Na mimi mwanawe nipimwe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na la mwisho, nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Mabadiliko hayo yametokea ndani ya uvimbe, baba akiwa mtu mzima. Hukuyarithi. Mstari huo haukudai kipimo chochote.

EGFR ni kipokezi kilichokaa kwenye utando wa seli, sehemu nje, sehemu ndani. Protini ya ukuaji ikipiga hodi nje, upande wa ndani huitikia “karibu” na seli hugawanyika. EGFRvIII ni umbo lenye kasoro la kipokezi hicho: limepoteza asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 267 za upande wa nje, palepale pa kupokelea hodi. Ungedhani itakuwa bubu. Kumbe inaitikia “karibu” mchana na usiku, mlangoni hamna mtu! Sauti yenyewe si kubwa, ila haikomi.

Halafu kuna wingi wa nakala. Jeni ya EGFR, yaani maelekezo ya kutengeneza kipokezi hicho, hukaa kwenye kromosomu ya 7, nakala mbili kwa seli. Nikipaka rangi inayong’aa na kutazama kwa hadubini, seli yenye afya hunionyesha nukta mbili, moja kwa kila nakala. Za uvimbe kama wa baba, utitiri nisioweza kuuhesabu. Nyingi ni viduara vya DNA vilivyojitenga na kromosomu, hivyo seli zikigawanyika hazigawani sawa. Jirani wawili ndani ya uvimbe mmoja hawafanani.

Hapo ndipo dawa zinapokwama. Kwenye mapafu kasoro huwa upande wa ndani, ambako vidonge hushika vizuri; kwenye ubongo huwa zaidi upande wa nje. Tena ukuta kati ya damu na ubongo huzuia dawa nyingi. Vidonge hivyo, gefitinib na erlotinib, vilijaribiwa kwa glioblastoma, havikuleta nafuu ya maana. Hata chanjo ya kulenga EGFRvIII, rindopepimut, haikurefusha maisha katika jaribio kubwa lililositishwa 2016. Uvimbe wa wagonjwa wengi uliorudi haukuwa tena na EGFRvIII, hata kwa wasiochanjwa. Nakiri matokeo hayo yaliniuma.

Kwa hiyo daktari wa baba hakusahau kitu. Mimi ningetafuta mstari mwingine katika ripoti hiyo: wa MGMT, jeni inayohusika na kurekebisha DNA. Huo husaidia kukadiria kama temozolomide, dawa ya kemo, itamfaa baba. Kama haumo, muulize daktari wake.