Maswali ya Wasomaji: Ngome juu ya jabali

SWALI: Hapa Mwanza nyumba hukaa juu ya miamba bila shida. Château Gaillard ya Ufaransa nayo ilikaa juu ya jabali, mbona ilianguka?
Msomaji, Mabatini

JIBU: Jabali lile si itale kama la kwenu. Ni chokaa laini, sururu inaliingia. Mfalme Richard wa Uingereza aliijenga kati ya 1196 na 1198, juu ya mto Seine. Mfalme Philippe wa Pili wa Ufaransa akaizingira 1203. Wachimbaji wake walitoboa chini ya mnara wa mbele, wakategemeza kwa magogo, kisha wakayatia moto. Magogo yakateketea, ukuta ukaporomoka. Ukuta wa ndani, wenye matumbo ya mviringo, ulikuwa kazi ya kifundi kwelikweli, lakini mbele ya lango lake wajenzi waliacha daraja la mwamba lisilokatwa, likawakinga wachimbaji wa Philippe walipochimba chini ya ukuta. Ngome ikatekwa Machi 1204.