Kabla hujamtumia kocha hela, hesabu maswali aliyokuuliza

Usilipe. Kama umeshalipa, hiyo hela iache iende, lakini ratiba usiianze Jumatatu.

Mkuu, umeandika kwamba tangu uangalie mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali mwaka 2025 hukai kwa amani, na sasa umepata kocha aliyewahi kushindana. Anakuandaa wiki 16 kwa mbio za kilomita 160, anataka laki na nusu kwa mwezi, na umebandika picha ya wiki ya kwanza. Umeuliza wasifu wake unatosha, bei ni ya haki, ununue kipima wati (kifaa cha kupima nguvu unayokanyagia) au la, na tairi za upana gani. Nimeitazama ile picha mara tatu. Siku sita za kukanyaga, tano zimeandikwa "nguvu zote", na chini kabisa: "punguza kilo sita, acha ugali".

Ratiba hiyo ninayo. Niliipokea miaka minne iliyopita, na hata kosa la "Ijuma" lipo pale pale. Sijui kama ni mtu yule yule au wanaazimana. Mimi nilikuwa na kilo 71 na kazi ya kukaa ofisini. Wewe umesema una kilo 88, ni muuguzi, na wiki hii una zamu nne za usiku. Watu wawili wasiofanana hata kidogo, karatasi moja. Sasa nijibu hili kwanza kabla ya yote: huyo kocha anajua kuhusu zamu zako? Alikuuliza?

Mimi niliulizwa mambo mawili tu, uzito wangu na jina litakalotokea akituma mtu hela kwenye namba yangu. Nikaona ni mtu wa kazi, hana maneno mengi.

Nilianza vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo. Nilikuwa naamka saa 10 na nusu alfajiri, natoka Arusha mjini, Kisongo, mpaka njia panda ya Monduli, nageuza, saa 2 niko ofisini. Wiki tatu za kwanza nilipaa. Mpando wa Monduli niliokuwa naufanya kwa taabu nikapunguza karibu dakika mbili. Nikamsifia kila mtu huyo kocha, na wenzangu wawili nikawapeleka kwake, jambo linaloniuma mpaka leo. Mwili unakukopesha, mkuu. Unatoa kwenye akiba bila kukuambia salio, nawe unadhani umetajirika.

Wiki ya tano nikaanza kushtuka saa 8 usiku, moyo unakimbia, usingizi umekwisha. Mapigo ya asubuhi kabla ya kutoka kitandani, ambayo kwa kawaida yalikuwa 50, yakawa 58, kisha 63. Nikamtumia ujumbe. Akajibu kwamba ni uoga unatoka mwilini, akaongeza mazoezi ya jioni siku ya Jumanne. Nikaongeza! Ugali nilishauacha, asubuhi natoka na maji matupu kwa saa tatu kwa sababu alisema tumbo tupu linachoma mafuta. Nyumbani nikawa mtu wa kufoka. Binti yangu, wakati huo ana miaka mitano, alimuuliza mama yake kama baba anaumwa. Mtoto aliona, kocha anayelipwa hakuona.

Wiki ya tisa, Alhamisi, niko kwenye ule ule mpando. Miguu ipo lakini haisukumi. Kwenye saa mapigo yanasoma 112, mahali ambapo siku zote yalikuwa yanafika 165. Nasimama kwenye pedali, 112. Nasikia nyuma vifuniko vya madumu vinagongana, mzee wa Kimaasai anapanda na maziwa kwenye baiskeli ya Phoenix, lita 40 hivi, taratibu, ananifikia. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akapunguza mwendo, akanitazama chini miguuni, akaniuliza kwa upole kama mnyororo umekatika. Mnyororo ulikuwa mzima. Nikakaa kwenye jiwe kando ya barabara na nikalia, nawaambia wazi.

Hospitali walikuta akiba yangu ya chuma kwenye damu iko chini sana na homoni zimeshuka. Daktari alinieleza kwamba moyo unaokataa kupanda wakati unausukuma ni dalili inayojulikana ya mwili uliochoshwa kupita kiasi, na kwamba kukanyaga kwa nguvu huku hauli vya kutosha kunazima mambo mengi zaidi ya miguu. Hata Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hilo jina rasmi mwaka 2014, na linawapata wanaume na wanawake. Kilo zilikuwa zimefika 63. Miezi saba sikugusa baiskeli. Kutoka pale kurudi kwenye muda wangu wa zamani wa Monduli, jumla mwaka na nusu. Hiyo ndiyo bei, laki na nusu ni chenji.

Na yule mtu alinijibu nini nilipomtumia vipimo? Kwamba sina moyo wa ushindani. Mtu aliyechukua hela miezi miwili na zaidi, hajawahi kuniuliza nimelalaje hata usiku mmoja, ananiambia mimi sina moyo! Hasira yangu haijaisha na sitaki iishe, kwa sababu watu wa namna hii wanaishi kwa aibu yetu. Tunaumia tunanyamaza, tunaogopa kuonekana wazembe, wao wanahamia kwa mwingine na karatasi ile ile.

Kuhusu wasifu. Medali zake haziniambii kitu. Colm O'Connell alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kutoka Ireland kufundisha jiografia shule ya St. Patrick's, hakuja kama mwanariadha wala kocha. Mikononi mwake akapita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1988, na David Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 London mwaka 2012. Patrick Sang yeye ana fedha yake ya Olimpiki, kuruka viunzi na maji, Barcelona 1992, na ndiye aliyemfundisha Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni. Mmoja ana medali, mwingine hana. Kwenye baiskeli tunaye David Kinjah pale Kikuyu, Kenya, aliyempokea Chris Froome akiwa bado mtoto na kuzunguka naye kwenye vilima, kabla Froome hajaenda kushinda Tour de France mara nne. Wote hao waliishi karibu na vijana wao, wakawaona wakila, wakawaona wamechoka. Kocha wa kwenye simu hawezi kukuona, kwa hiyo hana njia nyingine isipokuwa kuuliza. Asipouliza anabahatisha, na anabahatisha kwa mwili wako.

Halafu hilo la "nguvu zote" siku tano. Stephen Seiler, Mmarekani anayefundisha chuo kikuu Norway, alichunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu, baiskeli, kuteleza kwenye theluji na kupiga makasia, akakuta karibu mazoezi manane kati ya kumi ni mepesi. Iñigo San Millán, aliyekuwa kocha wa Tadej Pogačar aliposhinda Tour de France 2020 na 2021, anajulikana kwa kusisitiza saa nyingi za mwendo wa chini. Wepesi maana yake unaweza kumsimulia mwenzako mechi ya Simba na Yanga, goli kwa goli, bila kukata pumzi. Ukianza kuruka majina ya wachezaji, umezidisha. Mazoezi yanabomoa, kujenga kunafanyika ukiwa umelala na umekula, na ndiyo maana mtu wa zamu nne za usiku kupewa siku tano za nguvu ni hatari, siyo ukakamavu.

Na kula, tafadhali. Safari ya zaidi ya saa mbili na nusu mwili unataka gramu 60 mpaka 90 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ya kawaida ina kama gramu 25. Piga hesabu mwenyewe kwa kilomita 160 na uone "acha ugali" inakupeleka wapi.

Najua kuna watakaokuja kuandika kwamba mimi ni legelege na bila maumivu hakuna ushindi. Karibuni Jumapili saa 12 asubuhi njia panda ya Monduli, tupande pamoja, chai na chapati za atakayenipita nalipa mimi. Siku hizi nakanyaga siku nne, mbili kati yake polepole kabisa, na ule muda wangu wa zamani wa Monduli nimeshaupita.

Kocha niliye naye sasa, kabla hatujataja hela, alinikalisha karibu saa nzima. Nalala saa ngapi, nani ananiamsha usiku, nakula nini mchana kazini, niliwahi kuumwa nini, mapigo yangu asubuhi, mke wangu anaonaje suala hili. Nikahesabu maswali 19. Wiki ya pili nilipomwambia mtoto ana homa na sikulala, alifuta mazoezi ya siku mbili bila kunibembeleza nijikaze.

Mpigie huyo wako leo kabla hujaingia zamu. Usimwambie chochote kuhusu kazi yako ya hospitali. Mwambie tu, "Kocha, kuna jambo lolote unataka kujua kuhusu mimi kabla hatujaanza?" Halafu nyamaza umsikilize. Kesho asubuhi ukitoka zamu, njoo hapa uandike alichokuuliza, neno kwa neno. Nasubiri.