Je, aliyepandikizwa figo asogeze dawa ili afunge Ramadhani?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Mwaka jana nilipandikizwa figo niliyopewa na kaka yangu. Nameza takrolimasi kila baada ya saa 12, pamoja na mikofenoleti na prednisoloni, dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo. Mikono inatetemeka, naharisha, na sukari imepanda. Je, inafaa nimeze dawa wakati wa daku na futari ili nifunge? Na je, hali hizi zinatengua udhu?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu akuafu, dada yangu, na amlipe kaka yako kheri.

Usizisogeze dawa kwa uamuzi wako. Hapa kwetu pwani, baina ya alfajiri na magharibi hupita zaidi ya saa 13, kwa hiyo dozi ya jioni itachelewa kila siku, ilhali takrolimasi ni dawa yenye mpaka mwembamba: ikipungua katika damu, mwili huweza kuikataa figo, na ikizidi huidhuru figo hiyo hiyo iliyokusudiwa kulindwa. Ongeza hapo kukaa mchana kutwa bila maji huku unaharisha. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqara, aya ya 185, kwamba anatutakia yaliyo mepesi wala hatutakii yaliyo mazito, na katika aya hiyo hiyo amemruhusu mgonjwa kufungua. Anayeipokea ruhusa hiyo hakupungukiwa na imani, na ninasema haya kwa mkazo kwa sababu wapo wanaoona haya kula mchana hata wakaiponza figo.

Madaktari wakikuambia kuwa hutaweza kufunga tena, toa fidya ya kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Wakiona kuna matumaini, pengine kwa kukubadilishia takrolimasi ya kumezwa mara moja kwa siku, subiri ruhusa yao kisha uzilipe siku hizo kwa kufunga.

Kutetemeka hakutengui udhu. Kuharisha kunautengua; lakini kukiwa hakukatiki, jisafishe na utawadhe kwa kila faradhi baada ya wakati wake kuingia.

Hayo yote pamoja na sukari mweleze daktari, kwani huenda akapima kiwango cha dawa kabla ya dozi ya asubuhi na kuirekebisha, lakini wewe usiache hata kidonge kimoja. Ukiletewa habasoda au mitishamba, muulize kwanza, maana baadhi yake hubadilisha nguvu ya dawa, na hata balungi huipandisha takrolimasi.

Wallahu aalam.