Tambi za mchele unaloweka, huchemshi

Dada uliyeuliza kwa nini tambi zako zimekuwa uji: hizo bapa za mchele hazichemshwi kama spageti, ndiyo maana. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa hivi, zilainike ila ukiuma usikie bado kuna ugumu kidogo katikati. Chuja, kisha zimalizie kwenye kikaango pamoja na mboga na mchuzi. Mchele hauna gluteni (protini ya ngano inayonata) ya kuzishikilia, zikizidi moto zinakatikakatika. Zile nyembamba kama uzi ni maji ya moto dakika chache tu.

Za ngano zenye mayai ndizo za kuchemsha, na hapo usiamini sana dakika za kwenye pakiti. Napika hotelini hapa Arusha: tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100, kwa hiyo ongeza muda kidogo. Mji wa Moshi uko chini zaidi, huko tofauti ni ndogo. Onja.

Pakiti ikishafunguliwa, hamishia tambi kavu kwenye kopo lenye mfuniko, wadudu wanazipenda. Mbichi weka friji, ule ndani ya siku chache.