Aliyeambiwa kengeza la mwanawe "litarudi lenyewe": mie nilisubiri, tazama yaliyonikuta

Usisubiri! Nimesoma ulichoandika: binti ana miaka 5, jicho la kushoto linakwenda kando akichoka, bibi yake anasema ndio uzuri huo na litarudi lenyewe, na muuza miwani kakwambia macho ya mtoto hayapimwi mpaka ajue kusoma. Umeuliza na karoti, na simu, na fremu isiyovunjika. Hayo yaweke kwanza. Mie niliambiwa maneno hayo hayo, nikayaamini, nikakaa miaka mitatu na nusu.

Wangu wa kiume. Tulimuona na kengeza kidogo, jioni jioni tu. Nikampeleka kwa bwana mmoja mwenye meza ya miwani, kavaa koti jeupe, na kwa koti lile nikaona nishafika kwa bingwa. Mtoto hata hakumkalisha. "Huyu mzima, mlete akitimia miaka kumi." Kumi! Hadi leo nikiona koti jeupe dukani nawashwa. Hivi mtu hujui kitu, kusema "mpeleke hospitali" kunakupunguzia nini? Skuli nako walipimwa: mstari mrefu, ubao wa herufi, macho yote mawili wazi. Wangu kasoma mpaka chini kabisa. Nikamnunulia aiskrimu.

Aliyetuumbua ni dondora. Msimu wa karafuu, mtoto anaokota chini ya mikarafuu, akaumwa ukope wa kulia, jicho likavimba likafunga kabisa. Kesho yake saa nne asubuhi, jua la Pemba unalijua, ananiuliza, "Baba, mbona moshi mwingi?" Hakuna aliyechoma kitu. Akapeleka mkono kwenye kikombe cha chai, akakikosa, akapapasa mkekani. Mama yake akanitazama mie, si mtoto.

Tukapanda boti Mkoani mpaka Unguja, Mnazi Mmoja. Wakamtia dawa ya kupanua mboni (atalikimbia jua siku nzima, usishtuke), wakampima kila jicho peke yake. La kulia zima. La kushoto lilitaka miwani ya namba kubwa tangu zamani, na sisi hatuna habari. Daktari akanieleza kwamba macho yakitofautiana hivyo, au moja likienda kando, ubongo unaletewa picha mbili zisizolingana, basi unaishika ya jicho zuri na kuipuuza ya jengine. Jicho likipuuzwa miaka halijifunzi kuona, hata ulivishe miwani iliyo sawa. Ndilo jicho vivu. Na mtoto halalamiki, atalalamikaje? Hajawahi kuona vyengine, na jicho zima linambebea kila kitu.

Tiba ni miwani, kisha kuliziba jicho zima saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Wapo wanaotiwa tone la atropini, dawa ya kulitia ukungu, kwenye jicho zima badala ya kuzibwa. Inashika vizuri zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Baada ya hapo wengine hupata nafuu, lakini kwa tabu na si kamili. Wangu alikuwa na miaka 8 na nusu.

Na hiyo plasta usidhani mchezo. Chuoni, kwenye Kurani, wakamwita haramia. Akawa anaibandua akaificha chini ya msahafu wa mwenzake. Ikabidi na mie nijibandike nyumbani tufanane. Siku ya pili nikaingia na baiskeli kwenye banda la kuku la jirani, na kuku mmoja nimemlipa. Miezi kwa miezi. Leo kwa jicho lile anasoma herufi kubwa za ubaoni, kitabu hapana. Miaka yangu mitatu na nusu ndiyo hiyo.

Kwa hiyo kila jicho lipimwe peke yake, hospitali, kabla hajaanza skuli. Asiyejua kusoma hupimwa kwa picha au kwa ile herufi E inayogeuzwa geuzwa, anaonesha kwa mkono imeelekea wapi. Anayekwambia mpaka ajue kusoma anakuuzia fremu. Na ukimpiga picha kwa mwanga wa simu ukaona mboni moja inang'aa nyeupe, usingoje hata wiki, hiyo yaweza kuwa mtoto wa jicho au uvimbe wa saratani ndani ya jicho. Simu mpunguzie, karoti mpe, ila hakuna karoti inayonyosha kengeza.

Leo hii, kabla hajalala, mkalishe mbele ya kalenda ya ukutani. Mzibe jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, muulize anaona nini, kisha zamu ya pili. Ukiziba moja akatulia, na ukiziba la pili akavuta mkono wako au akalia, kesho asubuhi uko njiani. Halafu rudi hapa utwambie ni jicho gani alilolilia.